Wafuasi Wengi Instagram, Google Hupo: Tatizo Liko Wapi?

Mafundi na wauza samani wa Dar es Salaam wanaokuja ofisini kwetu tuwasaidie kuonekana Google huwa na lalamiko moja. Ukurasa wa Instagram umejaa wafuasi, kila posti inapata laiki za kutosha, lakini mtu akiandika Google "vitanda vya mninga Keko" wanatokea majirani. Baadhi wameamua kusponsa matangazo zaidi Instagram wakitumaini kwamba Google nayo itawapandisha. Bosi, hela hiyo inakuletea wateja wa Instagram tu. Google haioni umelipa nini kule wala haihesabu laiki zako.

Google walishalisema hili hadharani. Januari 2014 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kikosi chao cha kupambana na ujanja kwenye matokeo, alieleza kwa video kwamba kurasa za Facebook na Twitter huchukuliwa kama kurasa nyingine zozote za wavuti, na kwamba idadi ya wafuasi au laiki si kipimo cha kukupandisha. Linki uliyoiweka kwenye bio nayo hubeba alama inayoiambia Google isiihesabu kama kura ya kukuunga mkono. Alama hiyo ilianzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya kukomesha spamu kwenye maoni ya blogu, na tangu 2019 Google huichukua kama dokezo, si amri. Kwa hiyo anayekuuzia wafuasi elfu kumi "ili upande Google" anakuuzia hewa.

Je, tuachane na Instagram? La hasha. Faida yake kwa Google ipo, ila inapita njia ya kuzunguka. Mtu anaona sofa yako kwenye Reels leo, anakaa nayo kichwani, na mwisho wa mwezi mshahara ukiingia anaandika jina la duka lako Google ili ajue mko wapi na mnafunga saa ngapi. Akikukuta, biashara imeanza. Asipokukuta, anabofya aliyetokea juu, na hapo tangazo ulilolilipia wewe limemfaidisha jirani.

Ndiyo maana jina ndilo tunaloanza nalo. Utakuta Instagram kuna jina lenye nukta na mistari chini, kibao cha dukani kina jina lingine, risiti ina la tatu, na namba ya simu iliyoko Facebook ni ya laini iliyopotea zamani. Binadamu ataunganisha mwenyewe, mashine inaona biashara tatu tofauti. Chagua jina moja, namba moja na maelezo yaleyale ya mahali ulipo, uyaweke kila sehemu.

Baada ya jina yanakuja maneno, na hapa ndipo wengi wanapojinyima wenyewe. Posti ya kawaida ya samani hapa mjini inasomeka hivi: "Mzigo mpya umetua, njoo DM." Picha nzuri, fundi kafanya kazi, lakini maneno hayasemi ni kitanda au kabati, ni mbao gani, kipo wapi. Hakuna mteja anayeandika "mzigo mpya" anapotafuta kitanda. Anaandika "kitanda cha futi 5 kwa 6", "kabati la milango mitatu bei", "sofa za kona Dar". Andika hivyo hivyo: "Kitanda cha mninga, futi 5 kwa 6, kina droo mbili, kimetengenezwa karakana yetu Keko, Dar es Salaam." Tangu Julai 2025 jambo hili lina uzito zaidi, maana Instagram iliruhusu picha na video za akaunti za biashara zilizo wazi kwa umma zionekane kwenye Google. Maelezo unayoyaandika chini ya picha sasa yanaweza kusomwa na mtu ambaye hata hana Instagram.

Na bei? Tunajua hoja: jirani ataiona atashusha. Jirani anaijua bei yako tayari, alishamtuma kijana kuja kuiulizia. Asiyeijua ni mteja, na mteja anayetafuta usiku hapendi kusubiri DM ijibiwe asubuhi. Kama bei inabadilika kwa mbao, andika "kuanzia" kisha utaje kiasi.

Kuna wanaosema vijana siku hizi hawaendi Google kabisa. Wana hoja. Mwaka 2022 Prabhakar Raghavan, kigogo wa Google, alisema karibu asilimia 40 ya vijana wanapotaka mahali pa kula mchana hufungua TikTok au Instagram badala ya Google. Utafiti ulikuwa wa Marekani, na kitanda si chipsi kuku, lakini somo kwa muuzaji ni lilelile: TikTok nako watu wanatafuta kwa maneno, kwa hiyo taja bidhaa na mtaa kwa mdomo wako kwenye video na uandike pia.

Kwa duka lenye mlango, chombo chenye nguvu kuliko vyote ni Wasifu wa Biashara kwenye Google (Google Business Profile), ule unaokuweka kwenye ramani. Ni bure. Google wenyewe wanasema hupanga matokeo ya eneo kwa kuangalia kama unauza kinachotafutwa, uko umbali gani na mtafutaji, na unajulikana kiasi gani, ambapo maoni ya wateja na nyota zao huchangia. Mara nyingi utatakiwa kuthibitisha kwa video: onyesha mtaa, kibao, na vifaa vya kazi. Anayeuza mtandaoni tu bila kukutana na wateja ana kwa ana haruhusiwi, basi asipoteze muda huko, ajenge tovuti.

Mitandao inasaidia sana kwenye maoni. Mteja akikuposti na kitanda chake kipya, mshukuru, kisha mtumie kwa WhatsApp linki ya kuandika maoni Google. Sifa zake kwenye stori hupotea baada ya saa 24, kwenye ramani zinabaki. Usimlipe wala kumpa punguzo ili akusifie, Google wanakataza na maoni ya aina hiyo huondolewa.

Tovuti ya kurasa chache bado tunaishauri. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa karibu saa sita, kwetu kuanzia jioni hadi usiku wa manane, na wenye biashara iliyoishi humo tu hawakuwa na pa kumwelekeza mteja.

Ukitaka tukufanyie kazi hii, kwanza fungua kivinjari cha simu kwenye hali fiche (Incognito), kwa sababu Google ikikujua inaweza kukuonyesha duka lako mwenyewe ukadhani uko juu. Usiandike jina la duka. Andika bidhaa na mtaa, kama mteja asiyekujua. Piga picha ya skrini ya majibu, ututumie WhatsApp pamoja na jina la ukurasa wako, nasi tutakuambia pa kuanzia kabla hujalipa chochote.