Stempu ya Gandhi ya rupia 10: kagueni kabla ya kulipa

Mhariri,

Wanaokusanya stempu za India huliwa fedha nyingi kwa nakala bandia za stempu moja: ile ya rupia 10 yenye picha ya Mahatma Gandhi. Ilitoka 15 Agosti 1948 pamoja na za anna (sarafu ndogo ya India ya zamani) 1½, 3½ na 12, zote zikichapishwa Uswisi na kampuni ya Courvoisier. Matundu ya ukingoni yawe 11½ katika kila sentimita 2. Yapimeni, msikadirie kwa macho. Kisha shikeni lenzi ya kukuza mara 10. Nakala bandia ya ofseti, yaani njia ya kawaida ya kuchapa vitabu na magazeti, hujifichua kwa vidoto vya rangi mbalimbali.

Yenye neno SERVICE lililopigwa juu yake ndiyo hatari zaidi. Zilipigwa chapa 100 tu kwa matumizi ya Gavana Mkuu wa India, na neno hilo ni rahisi kughushiwa juu ya stempu halali. Bila cheti cha mtaalamu anayetambulika, msitoe hata shilingi.

Anayeanza achukue seti ya 1952, iliyochapishwa Nasik, India, yenye picha za watakatifu na washairi wa huko: Kabir, Tulsidas, Meera, Surdas, Ghalib na Tagore. Ni nzuri mno.

Zisizotumika msiziloweke kamwe. Gundi ikitoka, thamani huporomoka. Zilizogongwa mhuri zilowekeni dakika 15 hivi katika maji baridi, mzikaushe kifudifudi kwenye karatasi inayonyonya maji. Na kwa unyevu wa pwani yetu, albamu isimamishwe wima. Ikilazwa chini ya vitabu, gundi hulainika na stempu huganda kwenye ukurasa.

Mkusanyaji wa stempu,
Mombasa