Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wamiliki wa silaha hapa Michigan, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2025. Mambo mnayoyajua nitayapitia kwa haraka, kwa sababu lipo moja, la kamati kununua makasha ya kufungia silaha, lililosemwa sana pembeni, kwenye simu na nje ya nyumba za ibada, na linastahili kujibiwa hadharani.

Shughuli za mwaka

Siku za kulenga shabaha zilifanyika kama zilivyopangwa, isipokuwa ile ya Novemba iliyovurugwa na theluji. Wanachama wapya walipewa mafunzo ya awali. Wengine tuliwasindikiza kwenye kozi ya leseni ya kubeba bastola iliyofichwa, ile ya saa 8 ambayo saa 3 kati yake ni za uwanjani na risasi zinazopigwa haziwi chini ya 30. Tuliwazuru wafiwa, tulichangia arusi. Kamati ilikutana kila mwezi, nami sikukosa kikao hata kimoja. Katibu na mweka hazina nawashukuru.

Suala la makasha

Mwezi Machi kamati, chini ya uongozi wangu, iliamua kununua makasha 22 ya chuma yenye kufuli na kuyagawa kwa wanachama wenye watoto wa chini ya miaka 18. Iliamua pia kwamba mwanachama mwenye watoto nyumbani hatapata nafasi kwenye siku za shabaha mpaka atie saini kuthibitisha kuwa silaha yake inafungiwa. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Hoja zilizonifikia ni tatu: mwenyekiti alijiamulia, fedha zile zilikuwa za risasi, na chama cha wamiliki wa silaha kinachowalazimisha watu wake kufunga silaha kimejiunga na wale wanaotaka kutunyang'anya.

La kwanza. Katiba yetu inairuhusu kamati kutumia hadi dola 1,200 bila kusubiri mkutano mkuu. Makasha yaligharimu dola 1,056. Muuzaji alianza na dola 70 kwa kila moja, nikazungumza naye mwenyewe hadi akafika 48. Pamoja na ruhusa hiyo niliitisha mkutano mkuu mara mbili ili wanachama waamue. Akidi ni watu 28. Mara ya kwanza walikuja 17, mara ya pili 14. Aliyeitwa mara mbili asifike hawezi kusema hakuulizwa.

La pili halina uzito. Risasi zilinunuliwa, na hakuna siku ya shabaha iliyofutwa kwa kukosa fedha.

La tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu naiamini haki hii kama anavyoiamini yeyote kati yenu. Wanaonipinga wananitajia kesi ya Heller ya mwaka 2008, na nusu yake wanaitaja vizuri. Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba yanalinda haki ya mtu binafsi kuwa na silaha nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Ilifuta marufuku ya bastola katika jiji la Washington. Ilifuta pia sharti la jiji hilo kwamba silaha nyumbani iwe imefunguliwa vipande au imefungwa kufuli ya triga (kifyatulio), kwa sababu sharti lile halikuacha mwanya wa kuitumia hata mvamizi akiwa ameshaingia. Nusu wasiyoisoma ni hii: hukumu hiyohiyo inasema kwamba hoja zake hazibatilishi sheria za utunzaji wa silaha zinazolenga kuzuia ajali. Mahakama iliyotuthibitishia haki ndiyo iliyotenganisha mambo haya mawili.

Sasa isomeni sheria ya Michigan iliyoanza kutumika tarehe 13 Februari 2024. Haigusi bastola iliyo kiunoni mwako. Inagusa silaha uliyoiacha bila mtu wa kuiangalia, mahali ambapo unajua, au ungepaswa kujua, kwamba yupo au anaweza kuwepo mtoto wa chini ya miaka 18. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuiweka ndani ya kasha lililofungwa. Ya pili ni kuitoa risasi na kuifunga kwa kufuli inayoizuia kufanya kazi. Angalieni tofauti: sharti la kutoa risasi limewekwa kwenye njia ya pili, si ya kwanza. Mwenye kasha dogo la namba kando ya kitanda anaifikia bastola yake kwa sekunde chache, nayo iko tayari. Ndiyo maana tulinunua makasha wala si kufuli za kebo (waya mnene wenye kufuli unaopitishwa ndani ya silaha), ambazo vituo vingi vya polisi hutoa bure. Kasha ndilo linalokuachia kujilinda. Sheria hiyo haikuzuii kumpeleka mwanao kuwinda au kulenga shabaha chini ya uangalizi wa mtu mzima. Ila inakufuata hata ukiwa mgeni kwenye nyumba ya mwenzako yenye watoto, jambo ambalo wengi wetu hulisahau siku za sherehe.

Adhabu nazisema kwa sababu hazisomwi. Mtoto akiipata silaha na kuionyesha hadharani, ni kifungo hadi siku 93. Akimjeruhi mtu, hadi miaka 5. Jeraha likiwa la kulemaza, hadi 10. Mtu akifa, hadi 15. Na msidhani kwamba kabla ya sheria hii mzazi alikuwa salama. Mauaji ya wanafunzi wanne katika shule ya sekondari ya Oxford yalitokea tarehe 30 Novemba 2021, sheria hii ikiwa haijatungwa. Wazazi wa kijana yule walitiwa hatiani mwaka 2024 kwa kuua bila kukusudia, na kila mmoja akapewa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Mahakamani ilionyeshwa kufuli ya kebo iliyokuwa bado kwenye nailoni yake.

Wapo wanaosema kwamba baada ya kesi ya Bruen ya Juni 2022 hakuna sheria itakayosimama. Bruen ilipita kwa kura 6 dhidi ya 3. Ilifuta utaratibu wa New York wa kumtaka mwombaji aeleze sababu maalumu ndipo aruhusiwe kubeba silaha, na ikaagiza sheria za silaha zipimwe kwa desturi ya kihistoria ya nchi hii. Lakini Juni 2024, katika kesi ya Rahimi, mahakama hiyohiyo ilisema kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba mtu aliyethibitika na mahakama kuwa tishio kwa mwenzi wake anaweza kunyimwa silaha kwa muda. Anayejenga msimamo wa chama juu ya dhana kwamba kila kanuni itaanguka anawapotosha wenzake.

Tuliyoyaona tulipokagua makasha

Kasha lisilofungwa kwenye kitu ni zawadi kwa mwizi, maana analibeba lote. Lifungeni kwa skrubu ndefu zinazoingia kwenye mbao ya ndani ya ukuta au ya sakafu. Jipsamu peke yake haishiki. Makasha ya alama za vidole yana kasoro ambayo mwaka 2023 ilisababisha mengi yaondolewe sokoni: usipokamilisha kusajili kidole, kasha hubaki kwenye hali ya kiwandani na hufunguka kwa kidole cha yeyote. Likisajiliwa, mwiteni mtu mwingine wa nyumbani ajaribu kulifungua. Betri zibadilishwe kwa tarehe maalumu, msingoje taa nyekundu. Ufunguo wa dharura ndiyo kasoro kubwa kuliko zote. Tumeukuta juu ya kabati, ndani ya chombo cha maua, na kwenye fungu moja na funguo za gari. Watoto wanazijua sehemu hizo zote.

Kwa anayetumia kebo kwenye bastola: toa magazini (kisanduku cha risasi) kwanza, vuta slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma), angalia chemba (inapokaa risasi ya kupigwa) kwa macho na kwa kidole, kisha pitisha kebo kwenye tundu la kutolea maganda itokee chini kwenye nafasi ya magazini, ndipo ufunge. Ukianza na slaidi kabla ya magazini, unaingiza risasi chemba badala ya kuitoa. Kebo iliyopitishwa kwenye pete ya triga pekee haizuii kitu, na kufuli ya triga haiwekwi kamwe juu ya silaha yenye risasi.

Karatasi

Hili ni fupi ila linafukuzisha watu nchini. Mwenye grin kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) anaruhusiwa kununua silaha. Mwenye visa ya muda, wakiwemo wanafunzi, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki na hata kuishika uwanjani, isipokuwa kwa nafasi finyu kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Msiwape silaha wageni wa namna hiyo "wajaribu tu". Kwenye Fomu 4473, ile ya shirikisho inayojazwa dukani wakati wa kununua silaha, asiye raia asijaze kwamba ni raia, hata kama karani anamharakisha, kwa kuwa kudai uraia kwa uongo ni sababu ya kufukuzwa. Hata mwenye grin kadi anaweza kufukuzwa kwa kosa la silaha. Kumnunulia silaha mtu asiyeruhusiwa ni kifungo hadi miaka 15. Majina yetu yakipangwa tofauti kwenye kila kitambulisho, ukaguzi wa rekodi huchelewa. Jazeni namba ya hifadhi ya jamii ingawa ni hiari, na anayecheleweshwa kila mara aombe FBI, shirika la upelelezi linalofanya ukaguzi huo, namba yake ya kipekee ya utambulisho (UPIN).

Mahudhurio na ada

Daftari lina wanachama 84. Waliolipa ada ya dola 60 ni 31. Waliobaki 53 wanadaiwa dola 3,180, ambazo ni karibu sawa na matumizi yote ya mwaka. Mapato: ada dola 1,860, michango ya siku za shabaha 740, salio la mwaka jana 1,120, jumla 3,720. Matumizi: makasha 1,056, kukodi uwanja 900, bima 650, risasi na shabaha za karatasi 410, uchapishaji na mengineyo 130, jumla 3,146. Salio ni dola 574.

Nasikitika kusema kwamba siku ya risasi za bure uwanja hujaa, na siku ya kikao viti vinabaki vitupu. Baadhi ya waliolalamikia makasha kwa sauti kubwa majina yao hayapo kwenye orodha ya waliolipa, na sitawataja. Bima hailipwi kwa ahadi. Ikikatika hakuna mwenye uwanja atakayetupokea, kwa hiyo asiyelipa anaifunga milango ya wote.

Mwaka ujao

Tunatarajia kupata uwanja wa karibu zaidi, kuanzisha darasa la kina mama, na kuzungumza na viongozi wa makanisa na misikiti, kwa kuwa hata mwenye leseni haruhusiwi kuingia na bastola iliyofichwa kwenye nyumba ya ibada bila idhini ya anayeiongoza. Tukijaliwa na fedha zikipatikana, tutanunua makasha mengine. Katiba ya Michigan inasema kila mtu ana haki ya kuwa na silaha kwa kujilinda na kulilinda jimbo. Haikusema raia peke yake. Siku tutakapohitaji kusimama Lansing, makao makuu ya jimbo, kuitetea haki hiyo, nataka tusimame tukiwa watu ambao hakuna mtoto aliyepigwa risasi nyumbani kwao. Sharti la kutia saini litabaki mpaka mkutano mkuu wenye akidi uamue vinginevyo.

Makasha 18 yamechukuliwa. Manne yaliyobaki yako kwa katibu, na aliyeandikishwa asipokuja kulichukua kabla ya mwisho wa Januari atapewa anayefuata.

Mwenyekiti