Shati linaachama kifuani? Subiri kwanza kabla hujasema niongezee

Wengi wanaotuletea shati hapa Moshi wanakuja na hukumu kabisa, "fundi limenibana niongezee". Sisi tunakwambia livae, funga vifungo vyote, simama kawaida usibane pumzi. Mara nyingi unakuta mabegani limekaa, mgongoni limekaa, ila kati ya kifungo cha pili na cha tatu pameachama, hasa kwa kina dada. Hapo upana hauna kosa, ni vifungo vimegawanywa tu kwa urefu toka shingoni hadi chini bila kuangalia kifua kiko wapi. Nguo mpya tukishona tunaanza na kifungo cha kifuani pale panapovuta zaidi, vingine vinapangwa kutoka hapo kwenda juu na chini. Lililokwisha kutobolewa ndo mtihani maana tundu halihami, kwa hiyo tunaficha kifungo kidogo cha kubonyeza kwa ndani, kazi ya dakika chache na haionekani. Kama linavuta mpaka mgongoni na makwapani, hapo sawa, tunafungua pembeni.

Makoti ni habari nyingine, na mengi yanatoka Memorial, soko la mitumba hapa Moshi, koti zuri la sufu limebaki na vifungo viwili kati ya vinne. Kabla ya kununua vipya angalia kwenye lebo za ndani, mara nyingi kuna cha akiba kimeshonewa huko. Ukikosa, chomoa kimoja uende nacho dukani, usikadirie kwa macho, kwa sababu tundu linapimwa kwa upana wa kifungo pamoja na unene wake, cha milimita 20 chenye unene wa 4 kinataka tundu la kama 24. Kikizidi hakipiti, kikipungua kinachomoka chenyewe ukiwa kwenye daladala.

Halafu kifungo cha koti hakishonwi kikalala kwenye kitambaa kama cha shati. Tunaweka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, uzi unapita juu ya njiti, tukimaliza tunaichomoa, kifungo kinanyanyuka kidogo na ule uzi uliolegea chini yake tunauzungushia uzi mpaka unakuwa shingo ngumu. Shingo hiyo ilingane na unene wa upande wa juu wa koti, la sivyo ukifunga panakunjamana. Koti zito tunaongeza kifungo kidogo kwa ndani ili uzi usichane kitambaa. Na mkiona matundu ya koti yamelala wakati ya shati yamesimama msidhani ni urembo, koti linavutwa sana kwa pembeni, kwenye tundu lililolala kifungo kinasogea mwisho wa tundu na kutulia hapo.

Kuna wanaoomba tugeuze koti la kike lifunge kama la kiume, yani kushoto juu. Matundu yameshakatwa jamani, livaeni tu, hakuna atakayewakagua.

Sasa zipu. Wapagazi na waongoza watalii wa mlimani mnatuletea majaketi mkisema zipu imekufa, inafunga halafu inaachia nyuma. Meno huwa mazima, ni kichwa kimepanuka, tunabadilisha kichwa tu na gharama ni ndogo kuliko zipu nzima. Nyuma ya kichwa huwa kuna namba, 3, 5, 8, ila namba peke yake haitoshi, kichwa cha 5 cha zipu ya nailoni hakikai kwenye 5 ya meno ya plastiki. Jino likitoka au pini ya chini ikikatika, hapo zipu nzima inatoka. Na vumbi la huko juu linakula zipu vibaya, ukishuka piga mswaki mkavu kwenye meno halafu pakaza mshumaa.

Zipu mpya ikitoka na mawimbi mjue kitambaa kilivutwa wakati wa kushona, kikirudi zipu hairudi nacho. Sisi tunaweka alama pande zote mbili, tunashikiza kwa mkono, ndo cherehani inafuata. Inachukua muda zaidi kwa hiyo mteja ukitusimamia mlangoni na bodaboda inanguruma tutakwambia rudi kesho.

Juni na Julai baridi ikianza makoti yanajaa hadi chini ya meza, leteni mapema, na ukileta jaketi la zipu njoo na ile zipu ya zamani hata kama imekatika, tunaipimia.