Shamba dogo halilimwi kwa simu

Ndugu Mhariri,

Kurasa zenu za kilimo nazisoma kila zinapotoka, na zimenifaa mara nyingi. Ila upo ushauri unaojirudia ambao siwezi kuunyamazia: kwamba mwajiriwa wa mjini anunue ekari moja au mbili, aweke kibarua, awe anapiga simu jioni kuulizia hali, kisha asubiri faida. Mimi naishi shambani. Kazi kubwa ya hapa ni kuangalia, na hiyo haifanyiki kwa simu.

Chukueni ng'ombe wa maziwa. Kabla ya kukamua naosha chuchu, nazikausha, halafu matone ya kwanza ya kila chuchu nayakamulia kwenye kikombe cheusi. Yakitoka na vibonge vidogo kama vya mtindi, najua ugonjwa wa kiwele umeingia, hata kama ng'ombe mwenyewe anakula na kucheua vizuri. Chuchu hiyo inakamuliwa mwisho, maziwa yake hayachanganywi na mengine, na daktari wa mifugo anaitwa siku hiyo hiyo. Asiyetazama kikombe atashtuka kiwele kikishavimba, na huenda upande ule usitoe maziwa tena.

Joto, yaani kipindi ng'ombe anapotaka dume, nalo halina subira. Mara nyingi halifiki hata siku nzima, na dalili zake hupenda kujitokeza usiku: ng'ombe analia, anahangaika, anapanda wenzake, na akipandwa anasimama tuli. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuamini. Ikikupita, unangoja kama siku 21 nyingine huku unaendelea kumlisha. Akishika mimba ni miezi 9, kisha anazaliwa ndama ambaye karibu kinga yake yote ataipata kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake. Inafaa ainywe ndani ya saa 6 za mwanzo, maana kadiri saa zinavyopita utumbo wake unazidi kushindwa kuipokea kinga hiyo, na baada ya siku moja mlango umeshafungwa. Simu ya jioni itamkuta ameshachelewa.

Mimea nayo ni vivyo hivyo, ingawa inakupa nafasi zaidi. Mayai ya wadudu hukaa chini ya jani, kwa hiyo anayepita njiani akisifia kijani hayaoni. Wakati wa maua hung'oa mche mmoja wa kunde, nikapasua kwa ukucha vinundu vya mizizini. Ndani vikiwa vyekundu, bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea wako kazini. Vikiwa vyeupe au kijivu, ardhi haipati kitu. Naipenda kazi hii ndogo kuliko hata siku ya mavuno.

Hapa nisieleweke vibaya. Siwalaumu wafanyakazi wa mashambani. Wengi wanamjua ng'ombe kuliko mwenye ng'ombe, na inaniuma makala zinapowataja kwa neno moja tu, gharama. Kama mwenye shamba hawezi kuishi shambani, basi jicho lake ni huyo mtu. Amlipe kama anayebeba dhamana. Amwachie fedha na idhini ya kumwita daktari bila kusubiri ruhusa, na amsikilize anaposema mnyama hayuko sawa, hata kama kwenye picha aliyotumiwa anaonekana mzima.

Sipingi watu kununua mashamba, maana vijijini tunawahitaji. Ombi langu ni kwamba hesabu za faida mnazochapa ziwe na mstari wa saa za mtu, usiku na sikukuu zikiwemo. Na mwandishi wenu atakapoandika tena kuhusu utajiri wa ng'ombe mmoja, amuulize mwenye ng'ombe huyo: ng'ombe akianza kuzaa saa 8 usiku, nani atakuwa zizini?

Msomaji wenu,
Mkulima mdogo