Hujanyimwa kitu, shoga yangu

Zuhura mpenzi,

Nimefurahi kusikia kidonda kimefunga na nyuzi zimetolewa. Hilo la pili ulilouliza limenikosesha usingizi, kwa hiyo nakujibu leo leo.

Unasema mama yangu, alipotolewa ovari kwa ajili ya saratani, alitiwa dawa ya mionzi tumboni mara moja tu basi, wewe umeandikiwa dripu za kemotherapi kwa miezi. Unahisi umenyimwa kilicho bora. Hapana, Zuhura.

Dawa ile ilikuwa fosforasi ya mionzi. Waliipitisha kwenye mrija mwembamba hadi ndani ya tumbo, kisha manesi wakawa wanamgeuza mama ubavu huu, ubavu ule, kichwa chini, miguu chini, ili ienee kila pembe. Mimi nilikuwa namshikia mto. Mionzi yake hupenya milimita chache tu, na nguvu yake hupungua nusu kila siku 14 hivi. Ilitarajiwa iue chembe za saratani zilizosalia juu ya utando wa tumbo bila kudhuru vilivyo ndani zaidi.

Ila tumbo lililopasuliwa huwa na makovu, na matumbo hushikamana. Dawa ikituama mahali pamoja, hapo panaungua. Mama aliishi miaka mingi, namshukuru Mungu, lakini baadaye utumbo wake uliziba, akawa anatapika kila anachokunywa mpaka akarudishwa chumba cha upasuaji. Sitaki yakukute yale.

Na si mama peke yake. Watafiti wa Norwei walipolinganisha fosforasi na sisplatini, dawa ya kemotherapi ya dripu, wanawake waliishi karibu sawa, ila waliopewa fosforasi ndio waliozibika utumbo zaidi. Jaribio la Marekani lililotangazwa 2003 nalo likaishia kupendekeza dawa za dripu. Ndiyo maana madaktari wameiweka kando.

Dawa zako za dripu, karboplatini na paklitakseli, zitakuchosha, sikufichi. Nywele zitatoka, kisha zitaota. Ukisikia ganzi vidoleni, mwambie daktari siku hiyo hiyo, usijikaze. Dozi inaweza kupunguzwa. Homa ikipanda, usingoje asubuhi, nenda hospitali.

Niandikie tarehe ya dripu ya kwanza. Nataka kuomba ruhusa kazini mapema nije tukae wote.

Wako akupendaye,
Mwanaidi