YAH: Kukataliwa fidia ya jahazi lililozama Ghuba ya Speke, na kudhalilishwa kwa nahodha wangu

Kwa Meneja, Idara ya Madai,

Salaam. Masharti ya bima yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia.

Barua yenu inasema jahazi langu lilizama kwa sababu ya uchakavu na "upepo wa kawaida". Upepo wa kawaida hauvunji mlingoti. Dhoruba ilikuja usiku, kama zinavyokuja nyingi za Ziwa Victoria. Mawimbi ya huku ni mafupi na yanafuatana. Chombo hakijainuka, kimeshapigwa tena. Mbao ziliachia, kalafati ya kuziba nyufa za mbao ikatoka, maji yakaingia kwa chini huku tanga likiwa limechanika juu. Baharia mmoja tulimzika.

Nahodha alipokuja ofisini kwenu kutoa maelezo, ofisa wenu alimwambia mbele ya wateja: "Nyie mnazamisha mabovu yenu mpate hela." Kisha akamtaka alete ubao wa jahazi kama ushahidi. Ubao, kutoka chini ya ziwa!

Mkaguzi wenu naye ameandika kwamba mbao zililiwa na minyoo ya baharini. Minyoo hiyo huishi kwenye maji ya chumvi. Ziwa Victoria ni maji baridi, na hilo mtoto yeyote wa mwaloni analijua. Ripoti hiyo imenakiliwa kutoka chombo cha pwani, nami nataka kujua ni kipi. Jahazi lilikuwa na cheti cha TASAC, shirika la serikali linalokagua vyombo vya majini, na nakala mlipewa siku mliyopokea ada. Siku hiyo hamkuliita bovu. Mlipokea ada ya jahazi la mbao, la tanga, mkijua ni la mbao na la tanga.

Narudi kwa nahodha, maana hili halinitoki. Ni mtu mzima, mnamzidi vyeo tu. Viganja vyake vilikuwa bado vimefungwa bendeji kwa kuchunwa na kamba, na alikuwa ametoka msibani kwa kijana aliyemshika mkono majini hadi mkono ukamponyoka. Huyo ndiye mliyemwacha amesimama kaunta, mkamwita mwizi, watu wakisikia. Hakujibu neno. Alivaa kofia yake akatoka.

Naomba mlipe fidia yote iliyomo kwenye hati ya bima. Naomba pia ofisa huyo amwombe nahodha radhi. La, siombi tena: nadai radhi hiyo itolewe kwa maandishi, na isomwe kaunta ileile, mbele ya wateja. Ripoti ya minyoo ifutwe.

Mkikaa kimya, barua hii na ripoti yenu vinakwenda TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na baada ya hapo mahakamani pamoja na gharama zote. Wenye vyombo wa Nansio, Musoma na Mwanza wataisoma hiyo ripoti kabla hawajawalipa ada nyingine.

Mmiliki wa jahazi