Mzazi atakaguaje kitabu kilichofungwa nailoni?

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie hii ishu ya riwaya za vijana zenye wahusika mashoga, maana makala yenu imeongelea Marekani kana kwamba ugomvi wote ni wazazi wanaoenda maktaba na orodha wanataka vitabu vitolewe. Hilo lipo kweli. Ila mimi nauza vitabu vya mtumba hapa Posta, riwaya za Kiingereza za vijana ndo zinanilisha, na naona mmeruka upande mmoja mkubwa tu, kitabu kukatwa kabla hata hakijachapwa.

Mwaka 2011 waandishi wawili wa kule, Rachel Manija Brown na Sherwood Smith, waliandika kwenye jarida la Publishers Weekly kwamba wakala mmoja, wale wanaomtafutia mwandishi mchapishaji, alikubali kuwasimamia kwa sharti kwamba kijana mmoja kwenye riwaya yao ambaye ni shoga wamgeuze apende wasichana, au wafute kila panapoonyesha hivyo. Wakagoma. Ikawa moto, upande wa wakala nao ukajibu sio kweli bwana, shida ilikuwa hadithi yenyewe, wasimuliaji wengi mno na ingefaa zaidi wasomaji wadogo. Kila mtu akashika upande wake, riwaya ikatoka 2014 kwa wachapishaji Viking na kijana yumo vilevile. Kipindi hichohicho mwandishi Malinda Lo alipiga hesabu ya riwaya za vijana zinazotoka Marekani akakuta zenye wahusika wa namna hiyo hazifiki hata asilimia 1.

Sasa hebu fikiria wangekubali. Mzazi anayezipinga hizi habari asingejua kilichofutwa, na anayezitaka asingejua pia, wote wangeuziwa kitabu kilichoshachaguliwa na mtu mmoja kwa kuogopa soko. Hapo nani kalindwa?

Na Hungary ndo wamenichekesha kabisa. Sheria yao ya 2021 imefika mahali vitabu vya vijana vinavyoonyesha mapenzi ya jinsia moja lazima vifungwe kwenye nailoni, na visiuzwe ndani ya mita 200 kutoka shule au kanisa. Mwaka 2023 duka la Líra lilipigwa faini ya forint milioni 12 sababu Heartstopper, katuni ya wavulana wawili wanaopendana, ilikaa sehemu ya vitabu vya vijana bila kufungwa. Haya, mzazi mwenye wasiwasi atakisomaje dukani kikiwa ndani ya nailoni?

Maana wateja wangu hawanunui kwa jalada. Kuna mama mmoja yeye anasimama kabisa na mkoba begani, anasoma nyuma, anafungua katikati, anarudi mwisho, halafu ananiuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, hiki hakina mambo yale?" Kama nimekisoma namwambia ukweli, kama sijakisoma namwambia mama soma hapohapo, kiti hiki hapa. Akikirudisha sawa, akikichukua sawa, mwanawe ni wake.

Na hapa kwetu Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni. Serikali kupanga rafu za shule sina neno nayo, na angalau majina yalitangazwa mtu akajua kipi na kipi. Ila orodha inakupa jina tu. Diary of a Wimpy Kid ilikuwemo, na mpaka leo wazazi wananiuliza kosa lake nini hasa, ukurasa gani, wengine hata hawajawahi kukishika lakini wameshakasirika tayari.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Zamani mlikuwa na safu ya vitabu, mtu anasoma riwaya nzima anaeleza kuna nini ndani na inamfaa mtoto wa umri gani, mkaiondoa mkaweka mikeka ya kubeti. Irudisheni, hata mara moja kwa mwezi, na vitabu vya kuanzia naweza kuwaazima mimi.

Muuza vitabu,
Posta, Dar es Salaam